Mguu wa Mama Mkwe Kwenye Breki

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, au aliyelipata likiwa tayari limefungiwa samaki, nitarudia kwa ufupi.

Jina langu Gerishom, Mmaragoli, fundi wa umeme katika hoteli moja ya Malindi, mkaazi wa Muyeye. Mke wangu Kadii alinikimbia akarudi kwao Ganze. Nikamfuata kwa gari langu, pikapu ya Datsun ambayo zamani ilikuwa ya kijani. Sikufika. Kabla ya Vitengeni, gurudumu langu la nyuma lilinipita upande wa kushoto, bila hata kupiga honi.

Silaumu mtu. Lakini jirani yangu Ochola ndiye aliyenikazia nati za gurudumu lile. Aliirefusha spana kwa bomba la maji, kisha akapanda juu ya bomba akarukaruka. Ochola ni mtu mzito. Zile bolti fupi zinazotokeza kwenye kitovu cha gurudumu, ambazo mafundi huziita stadi, hazikutengenezwa zirukiwe na Ochola. Mbili kati ya nne zilikatika, zilizobaki zikaachia nati njiani. Nilirudi Muyeye nikivutwa kwa kamba na lori la makaa, na watoto wa mtaa walinipokea kwa nyimbo.

Hapo ndipo tulipoachana.

Stadi mpya zilitoka Mombasa kwa mkono wa kondakta wa basi, zimefungwa kwenye karatasi kama njugu. Siku ya Alhamisi sikwenda kazini. Nililiinua gari kwa jeki uani kwetu, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu matatu yaliyosalia, nikavua shati, nikalala chini.

Nikiwa hapo, nikasikia sauti mlangoni kwa Wangu, jirani yangu muuza mandazi.

"Hodi hapa. Nimeambiwa hapa ndipo akaapo mtu wa stima."

Nilijua sauti ile. Nilitambaa nikaingia uvunguni mwa gari mpaka zikabaki nyayo tu.

Alikuwa Mama Nzai, mama yake Kadii. Mama mkwe wangu.

Msomaji wangu wa bara au wa pwani, huhitaji kuelezwa. Kwetu Maragoli mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawatazamani usoni. Kwao Ganze ni vivyo hivyo, ila wao hawafanyi mzaha. Neno la mkwe hupitia kwa mtu wa tatu. Na mimi nilikuwa chini ya gari, kifua wazi, nimevaa kaptura ambayo Kadii aliwahi kuikataza kuanikwa nje.

"Wangu," nilinong'ona kutoka uvunguni. "Nitupie shati."

"Shati gani? Hii ya kupangusa mafuta?"

"Hiyohiyo."

Nilivaa nikiwa nimelala, jambo ambalo sikutakii. Nilipotoka nilijibanza nyuma ya gari, yeye akawa amesimama upande wa pili, amenipa kisogo, anatazama ukuta. Ndivyo ilivyotakiwa. Tulianza vizuri.

"Mwambie mama shikamoo," nilimwambia Wangu.

"Anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba," akasema Mama Nzai. "Mwambie nimelala kwa dada yangu hapa Muyeye, sikulala njiani. Mwambie nimekuja na neno."

Wangu alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, na kwa desturi hizi za kusemezana kupitia yeye alikuwa na subira ya muuza mandazi mwenye wateja. "Mama, si anakusikia? Si umwambie tu?"

Mama Nzai hakumjibu. Alingoja.

"Haya," Wangu akasema. "Amekuja na neno."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mwambire, mwenye kinu cha kusaga mahindi pale Ganze, alikuwa amepeleka posa kwa Kadii. Leo alasiri wazee wangekaa, kibuyu cha mnazi cha Mwambire kingewekwa katikati, na baba mkwe angemwuliza Kadii mbele ya watu: tunywe au tusinywe? Binti akisema kunyweni, mambo yamekwisha.

Utaniuliza, mke wa mtu ataposwaje. Swali zuri. Waliosoma sehemu ya tatu wanakumbuka kibuyu changu mimi, jinsi kilivyopasuka nyuma ya gari la kukodi siku ya posa yangu, hata mbuzi wakalewa. Hakikunywewa, Kadii hakuulizwa. Tulihamia Muyeye tukisema tutapeleka kingine wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miaka miwili. Kwa hesabu za wazee, sikuwahi kuoa. Nilimwazima.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenihesabu kuwa mkwe, naye ni Mama Nzai. Kwa miaka miwili hakuwahi kunisemesha hata neno moja. Kila tulipokutana alikata njia, akajifunika leso, akatazama kando. Hakuna heshima niliyopata pwani nzima iliyoshinda ile. Laiti angenigeukia siku moja akaniambia habari gani, Gerishom, ningejua nimekwisha.

"Mwambie mama," nilisema, "nitafika. Gari likisimama kwa miguu yake, nitafika kabla ya alasiri. Ila nahitaji mtu wa kukanyaga breki."

Hapa nieleze kidogo. Stadi mpya haiingii kwa kusukumwa na kidole. Unaipachika kwa nyuma, unavalisha pete za chuma kwa mbele, unafunga nati kinyumenyume na kukaza, ili nati iivute stadi mpaka meno yake yaumane na chuma. Lakini ukikaza, kitu chote kinazunguka nawe kama mtu asiyetaka kunyolewa. Lazima breki ikishike. Breki yangu ya mkono ilikatika waya siku nyingi. Ikabaki ya mguu, na mguu wangu ulikuwa huku nyuma pamoja nami.

"Mimi nina mafuta motoni," Wangu akasema haraka.

"Mwambie," Mama Nzai akauambia ukuta, "miguu ninayo."

Alizunguka upande wa dereva. Alivua leso yake moja akaitandika juu ya kiti, ili asikalie pale ninapokalia mimi. Kisha akakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, ili macho yetu yasije yakakutana kwa bahati mbaya. Nilimwona akifanya hivyo na nusura machozi yanitoke. Mtu hajisumbui hivyo kwa mwanamume ambaye si kitu kwake.

Wangu alisimama mlangoni mwa gari. "Akanyage wapi?"

"Ile ya katikati. Mwambie akanyage."

"Mama, kanyaga ya katikati."

Nilijaribu kukizungusha kitovu. Kimya, hakizunguki. Breki ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani. Nikashukuru, nikainama kutafuta nyundo, maana kwanza ilibidi dramu ya breki itoke ili nizigonge zile stadi zilizokatika.

Ndipo harufu ya mafuta yanayoungua ilipotufikia.

"Mandazi yangu!" Wangu akapiga mbio.

Nikaanza kuitoa dramu. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa juu ya breki, ukiivuta hutoka. Yangu haikutoka. Nikaigonga kushoto. Nikaigonga kulia. Nikatia mafuta ya taa. Kutu ya pwani hii, msomaji, hakuna chuma isichokila. Niliitukana kutu kwa Kimaragoli, lugha ambayo niliamini mama mkwe haijui. Nikatia bisibisi, ikapinda. Nikatia bisibisi ya hoteli, nayo ikapinda. Jua lilipanda, jasho likanitiririka, nikaona kabisa Mwambire akimimina mnazi.

Kisha nikafikiri. Nikainua kichwa, nikatazama kwenye kioo cha nyuma cha gari.

Mama Nzai alikuwa ameketi wima kama yuko kanisani, mikono juu ya usukani, mguu umegandamiza breki kwa nguvu zake zote. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Hakuna aliyemwambia aachie, basi hakuachia.

Dramu ilikuwa imeshikwa na breki. Nilikuwa nikipigana na mama mkwe wangu.

"Wangu!" niliita.

"Nina wateja!" Wangu akajibu kutoka jikoni. Mafundi wa ujenzi wa hoteli mpya walikuwa wamefika kunywa chai ya saa nne.

Nilitazama uani. Watu wote wa Muyeye walikuwa kazini. Hapakuwa na mtu wa tatu. Palikuwa na kuku wa Wangu, jike jekundu, anachakura karibu na jeki.

Nilikohoa.

"Kuku," nikasema. "Laiti ningekuwa na mtu wa kunisaidia, ningemwomba ainue mguu."

Kuku alinitazama kwa jicho moja. Garini, pedali ikarudi juu. Nilisikia pumzi ndefu ikishushwa. Dramu ikatoka mkononi mwangu kwa hiari yake.

"Kuku," nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, "mtu huyo asikanyage tena mpaka nitakapokwambia. Dramu ikiwa nje, breki ikikanyagwa itajimwaga."

Kisha kutoka garini, ile sauti ya Ganze, pole pole:

"Kuku we. Aliye na masikio amesikia."

Zile stadi zilizokatika nilizigonga zikatokea nyuma. Mpya nikazipaka grisi, nikazipachika, nikairudisha dramu, nikavalisha pete za chuma na nati.

"Kuku, sasa."

Pedali ikashuka. Nikakaza. Chuma kikalia, meno yakaanza kuingia.

"Kuku," Mama Nzai akasema, "kuna mtu nataka kumwuliza. Yeye anadhani mwanangu aliondoka kwa nini?"

Niliendelea kukaza. "Kuku, nadhani ni kwa sababu nyumba inavuja."

"Kuku, kwetu Ganze mvua hainyeshi. Mtu wa Ganze hakimbii nyumba inayovuja. Ataleta sufuria."

"Basi, kuku, ni kwa sababu ya lile jambo la friji." Sehemu ya tano, sitalirudia.

"Si friji."

Stadi ya kwanza ilikaa. Niliihamisha spana kwenye ya pili. Kuku akaona funza karibu na choo, akaondoka.

Mazungumzo yakasimama.

Yeye alikuwa garini, mguu kwenye breki. Mimi nilikuwa nyuma, spana mkononi, tunamngoja kuku. Nilitamani kusikia jibu lile kuliko nilivyotamani chochote mwaka ule. Nilimpenda Kadii. Nilimpenda alipokuwa akinicheka, na alikuwa akinicheka mara nyingi, mpaka siku moja akaacha, nami nikadhani amezoea. Nilirusha chembe ya andazi iliyokuwa mfukoni. Kuku akarudi.

"Kuku," nikasema upesi, "si friji, ni nini?"

"Huyu mtu alinunua gari. Mwanangu aliliona likiingia uani. Aliacha kazi ya kwanza, akashika ya pili; mwanangu akasikia kwa majirani. Akamwandikisha mwanangu kazi ya kufua hotelini, akaja akamwambia kesho unaanza. Si mbaya. Hapigi, halewi. Lakini kuku, kwa miaka miwili hakupata hata siku moja kumwuliza mwanangu, waonaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Gari lilikuwa la kumshtua kwa furaha. Kazi ya kufua ilikuwa nzuri. Nilifungua kinywa nimwambie kuku hayo yote, nikasikia jinsi yatakavyosikika, nikakifunga. Nilikaza stadi ya pili mpaka ikanyamaza.

"Kuku," nilisema baadaye, "mwambie mtu huyo nimesikia."

"Kuku hana haja ya kuniambia," akajibu, nami nikadhani nimemsikia akicheka kidogo puani.

Nilifungua zile nati nilizokazia kinyumenyume, nikatoa pete za chuma, nikapachika gurudumu. Stadi nne zilitokeza kwenye matundu yake, mbili nyeusi za zamani, mbili zinang'aa. Moyo ulianza kunirudia. Jua bado halijafika utosini. Nilikuwa nimefunga nati mbili kwa mkono wakati Nzai alipoingia uani.

Nzai ni kaka yake Kadii, kifungua mimba wa Mama Nzai. Alikuwa mweupe kwa vumbi la njia kuanzia nywele mpaka viatu, maana alikuja juu ya lori la makaa. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la gari akasema na mama yake kwa Kigiriama, chini chini.

Kigiriama changu ni cha sokoni, lakini kilinitosha. Mzee hakungoja alasiri. Mwambire alikuja mapema na wazee wake. Mnazi ulinywewa asubuhi.

Nilibaki nimepiga magoti, nati ya tatu kiganjani.

Mlango wa gari ulifunguka. Mama Nzai aliteremka. Aliitoa leso yake kitini, akaikung'uta, akaikunja mara mbili, akaiweka begani bila haraka. Kisha akazunguka gari. Hakupitia upande wa ukuta. Alikuja upande wangu, akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni.

Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho yake. Ni macho ya Kadii.

"Gerishom," akasema.

Nilitazama chini, kwenye nati.

"Pole, mwanangu. Nilitaka ufike. Sasa wamekunywa, hakuna la kuficha uso tena. Wewe ni mtu kama watu, naweza kukuaga vizuri." Akaninyooshea mkono wa kulia. "Haya, kwaheri. Mungu akupe mwingine."

Mkono ule ulikuwa mbele ya pua yangu. Wangu alikuwa ametoka jikoni na kijiko chake cha kukaangia, mafundi wa ujenzi nyuma yake na vikombe. Nilijua nikiupokea, imekwisha, na imekwisha kwa adabu. Mtu anayenyooshewa mkono na mama wa watu huupokea. Nilifundishwa hivyo na mama yangu mwenyewe.

Niligeuza uso nikamtazama Nzai.

"Nzai," nikasema. "Niulizie mama mkwe wangu jambo moja. Kabla hawajanywa, Kadii aliulizwa?"

Nzai alimtazama mama yake. Akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, shemeji. Ulikuwepo. Kadii alisema nini?"

"Hakusema kitu," Nzai akajibu.

"Alinyamaza?"

"Hakuwepo." Alijipangusa vumbi mdomoni. "Alikwenda kuteka maji. Lambo la karibu limekauka, siku hizi wanawake hutoka alfajiri na hawarudi mpaka adhuhuri. Mwambire alisema ana kazi kinuni, hawezi kungoja. Baba akasema jibu la Kadii linajulikana."

"Linajulikana," mama yake akarudia.

"Ndivyo alivyosema."

"Wamekunywa, naye yuko maji."

"Ndiyo, mama."

Fundi mmoja wa ujenzi alipiga funda la chai, mwenzake akamtazama vibaya.

Mama Nzai aliurudisha mkono wake. Aliurudisha pole pole. Alijitanda leso ile kichwani ikamfunika mpaka usoni, akanipa kisogo, akapiga hatua mpaka upande wa pili wa gari, akatazama ukuta wa jikoni kwa Wangu.

"Nzai," akasema. "Mwambie huyo mkwe wangu afunge nati zake. Twende akaulizwe. Na umwambie mimi sijui mwanangu atajibu nini."

Nzai alinigeukia, akaniambia yote hayo, neno kwa neno, nami nikamsikiliza mpaka mwisho.